Umoja wa Kuangusha na Umoja wa Kujenga



Juma hili tuitazame historia ya jirani zetu wa Kenya, kwani ina fundisho kwa kila mwamini anayepiga kura.

Mwaka 1992 Rais Daniel arap Moi wa KANU alishinda uchaguzi kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Mwaka 1997 alipata takriban asilimia 40. Mara zote mbili wengi walimkataa, lakini kura zao zilitawanyika kwa wapinzani wasiopatana, na aliyechaguliwa na wachache akaendelea kutawala.

Moi alipokuwa akistaafu mwaka 2002, KANU ilimsimamisha Uhuru Kenyatta. Safari hii wapinzani, pamoja na vigogo walioihama KANU, waliungana katika NARC, na Raila Odinga akatangaza hadharani kwamba Mwai Kibaki anatosha. Wapiga kura waliitikia kwa kishindo: tarehe 27 Desemba Kibaki alipata asilimia 62, Uhuru 31. Umati ulifurika Uhuru Park kumwona akiapishwa, na Moi alizomewa. Furaha ile haikuwa ya bure. Januari 2003 ada za shule za msingi zilifutwa.

Hata hivyo, washirika walikuwa wameahidiana kugawana madaraka, na ahadi hiyo ikawagombanisha. Tarehe 21 Novemba 2005 wananchi waliikataa rasimu ya katiba iliyotetewa na Kibaki, kwa takriban asilimia 58. Raila alikuwa upande wa waliokataa. Baada ya uchaguzi wa 2007, uliowakutanisha wawili hao kama mahasimu, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha.

Mwinjili Luka anatukumbusha kwamba Herode na Pilato, waliokuwa maadui, walipatana siku ile Bwana wetu aliposhtakiwa. Kupatana peke yake, basi, si fadhila. Kunapimwa kwa lengo lake. Sisi wa Madibira tunaolima mpunga wa umwagiliaji twalijua hilo: kuzibua mfereji ni kazi ya siku chache, bali kugawana maji kwa haki ni kazi ya msimu mzima.

Kwa hiyo, viongozi wanapotuomba kura kwa jina la umoja, tusiulize tu wanataka kumwondoa nani. Tuulize pia wameahidiana nini, na maskini atapata nini katika ahadi hiyo.

Mungu awabariki nyote.