Daftari la Tawi: Tarehe ya Wauguzi wa Kenya na Chama Chao

Mama yangu alikuwa na saa mbili. Ya mkononi aliivaa Idi na siku za arusi. Ya kazini ilikuwa na pini, ikining'inia kifuani kichwa chini, ili akiinama aisome sawasawa huku vidole vyake viwili vikihesabu mapigo ya mshipa wa mgonjwa. Alipofariki mwaka 2019, saa zote mbili alizichukua dada yangu. Mimi niliomba daftari lake lenye jalada gumu jekundu, ambalo juu yake aliandika kwa wino neno moja tu: "Tawi". Ndani mna kumbukumbu za mikutano ya wauguzi wa hospitali yao hapa Pwani tangu 1974 hadi 1989, miaka aliyokuwa katibu. Tarehe hii naiandika nikiwa nimeliweka mbele yangu, kwa sababu habari za tiba katika nchi yetu zimejaa majina ya madaktari na magavana, na muuguzi humo hutajwa kwa wingi tu, kama mtu anayehesabu vitanda.

Kabla ya wodi kulikuwa na mtaa. Uzazi katika mwambao huu ulikuwa mikononi mwa mkunga aliyejulikana nyumba kwa nyumba. Alizalisha, akamkanda mzazi, akamfunga tumbo, akaja kila asubuhi mpaka arubaini ikatimia. Jina lake halikuandikwa popote. Cheti chake kilikuwa watoto waliokuwa wakicheza uani.

Serikali ya kikoloni ilipofungua hospitali, kazi ya kuwatunza wagonjwa Waafrika ilianzia kwa wanaume. Hospitali ya wenyeji ya Nairobi, ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ilianza mwaka 1901. Mafunzo rasmi ya wasaidizi wa tiba yalikuja 1927, na chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, huhesabu umri wake kuanzia hapo. Vijana waliofundishwa kusafisha vidonda na kufunga bendeji waliitwa madresa. Misheni nazo, kama Tumutumu kule Nyeri, Maseno upande wa ziwa, na Kaloleni kwetu huku kwa Wagiriama, zilifunza watu wao. Wasichana walichelewa kuingia. Wazazi wengi hawakukubali binti yao akalale mbali na kwao na kuwaosha wanaume asiowajua. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na mama alipata ruhusa ya kwenda chuoni kwa sharti kwamba anakwenda kujifunza ukunga, basi. Alijifunza yote mawili, uuguzi na ukunga, na babu hakuambiwa mpaka siku ya cheti. Babu hakuwa mkaidi wa bure. Aliwahi kusikia habari za Pumwani, Nairobi, nyumba ya uzazi iliyofunguliwa 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, mahali pa wanawake pekee. Hapo aliweza kumwona binti yake kwa macho ya moyo.

Yapo mambo yaliyokuwa yakitokea mbali ambayo bila kuyajua hulielewi daftari hili. Uingereza, tangu miaka ya 1880, wauguzi walikuwa wakigombana juu ya swali moja: je, kuwe na rejista ya serikali, ili asiyefunzwa asijiite muuguzi? Ethel Bedford Fenwick alilipigania jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30. Aliyempinga kwa nguvu alikuwa Florence Nightingale mwenyewe, aliyeamini kwamba mtihani hauwezi kupima tabia ya mtu. Nataka wanafunzi wanaowasha mishumaa kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, wajue hilo. Halimpunguzii yule mama heshima, bali linaonyesha kwamba kazi yetu ilikua kwa hoja na upinzani. New Zealand ilitangulia kwa sheria ya 1901. Uingereza ilifuata mwishoni mwa 1919, na rejista ilipofunguliwa Fenwick akaandikwa nambari moja. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanzisha, mwaka 1899, Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ICN, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa na kanuni kali: kila nchi chama kimoja, na chama hicho kiwe cha wauguzi wenyewe, wakijiongoza wenyewe.

Kenya ilipata sheria yake ya kuwasajili wauguzi, wakunga na washauri wa afya mwaka 1949. Rejista ikaja na ngazi. Kulikuwa na waliosajiliwa na waliokuwa chini yao, walioitwa "enrolled", na neno hilo la Kizungu likabaki midomoni mwetu hadi leo kwa sababu lilikuwa hukumu zaidi ya cheo. Mafunzo yake yalikuwa mafupi na mshahara mdogo. Lakini usiku kijijini, kwenye zahanati yenye taa ya kandili, ni yeye aliyekuwa peke yake. Mama alikuwa enrolled. Hakuna kanuni iliyowaambia wakae viti vya nyuma mkutanoni, walikaa tu. Katika ukurasa wa Februari 1976 ameandika kwamba mjumbe mmoja aliuliza kwa nini ada ni sawa na sauti si sawa. Chini yake: "Swali limepokelewa." Halafu mstari mtupu. Ninaamini muulizaji alikuwa yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo Chama cha Kitaifa cha Wauguzi wa Kenya, NNAK, kilivyoonekana kutoka chini: tawi katika hospitali, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na watu saba au kumi na mbili waliotoka zamu ya mchana miguu ikiwaka moto. Juu ya tawi yako makao ya Nairobi, mkutano mkuu, jarida la uuguzi, na baadaye vikundi vya wenye utaalamu mmoja: wakunga, wauguzi wa chumba cha upasuaji, wauguzi wa wagonjwa mahututi. Agenda za daftari zinarudiarudia. Zipo glavu, mchango wa msiba, mhadhara mfupi wa mmoja wao aliyetoka kwenye kozi, na barua kwa metroni kuhusu zamu. Mama aliandika barua hizo mara tatu kabla ya kuzipeleka, kwa penseli kwanza. Muuguzi wa wakati ule alizoea kupokea amri kwa mdomo na kujibu "ndiyo, sista". Kuandika barua yenye tarehe na kusubiri jibu lenye tarehe lilikuwa jambo geni, na chama ndicho kilichowafunza.

Ukurasa ninaoupenda kuliko wote ni wa 1981. Mwandiko umenyooka kuliko kawaida, kama wa mtu aliyevaa nguo mpya. Umeeleza kwamba kwenye kongamano la ICN mjini Los Angeles, Eunice Muringo Kiereini, aliyewahi kuwa afisa muuguzi mkuu wa Kenya, amechaguliwa kuwa rais wa wauguzi wa dunia nzima. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, na aliishika hadi 1985. Ili kuona uzito wake, kumbuka kwamba miaka minane tu nyuma, 1973, chama cha Afrika Kusini kilijitoa ICN kwa sababu ya sera zake za ubaguzi. Wauguzi wa nchi ile walirudi 1997, baada ya kuunda chama kipya, DENOSA, kisichouliza rangi. Kati ya kutoka kwao na kurudi kwao, mwanamke kutoka Kenya alikalia kiti cha juu. Tawi liliamua kununua soda na keki. Gharama imeandikwa hadi senti.

Lakini keki haikuongeza mshahara, na hapa ndipo watu wengi, hata wauguzi, huchanganya mambo. Mwaka 1980 serikali ilikipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa serikali. Muuguzi wa hospitali ya umma akawa hana wa kumsemea juu ya malipo. Mwaka 1983 sheria mpya ya wauguzi ikaunda Baraza la Wauguzi, na wengi wakadhani sasa tumepata mtetezi. Baraza halipo kwa ajili yetu. Lipo kwa ajili ya mgonjwa: husajili, hutoa leseni, hukagua vyuo, na humwita muuguzi aliyekosea. NNAK nayo ilikuwa ya taaluma, si ya mishahara. Tukabaki tuna chombo cha kutuadhibu na chombo cha kutufundisha.

Niseme chama kilinifaa nini mimi. Nilikuwa mkunga kijana katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Usiku mmoja wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda 32 na akina mama 41, wengine wawili wawili, na sisi tulikuwa wawili: mimi na msaidizi. Mmoja akavuja damu baada ya kuzaa nikiwa nimeshika kichwa cha mtoto wa mwingine. Nilipomfikia shuka ilikuwa imelowa hadi godoroni. Tulimkanda tumbo la uzazi, tukamtundikia maji, tukamwita daktari. Hakupona. Asubuhi niliitwa, na swali lilikuwa kwa nini patografu yake, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ilikoma saa nane usiku. Lilikuwa swali la haki. Nilikuwa sijaijaza tangu saa nane.

Kikao cha uchunguzi kilipokaa, tawi lilimtuma mzee mmoja wetu, sista aliyekuwa amebakiza mwaka astaafu. Hakunitetea kwa kelele. Hakusema sikukosea. Aliomba orodha ya zamu ya mwezi mzima, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti usiku baada ya usiku: wauguzi wawili, wawili, mmoja, wawili. Ilimchukua kitambo. Kisha akaomba karatasi ile iambatishwe kwenye kumbukumbu za kikao, na akakaa akisubiri mpaka akaona kwa macho yake imebanwa pini. Mimi nilipewa onyo, nalo nilistahili. Mwezi uliofuata zamu ya usiku ilipata mtu wa tatu. Yule mama aliyefariki namkumbuka kwa jina na kwa rangi ya leso aliyokuja nayo.

Ukuta wa ngazi ulianza kubomoka 2005, shirika la AMREF na Baraza walipoanzisha masomo ya kuwapandisha enrolled kwa njia ya kompyuta, wasome bila kuacha vituo vyao. Zaidi ya wauguzi 20,000 walikuwa wakingojea nafasi kama hiyo, na madarasa ya kawaida yasingewamaliza katika kizazi kimoja. Nimewaona wanawake wa umri wangu wakijifunza kushika kipanya cha kompyuta kwa woga uleule walioshikia sindano ya kwanza. Mama alikuwa amestaafu tangu 1994. Alinisikiliza nikimweleza, kisha akauliza mtihani una maswali mangapi.

Katiba ya 2010 ilitamka katika ibara ya 41 haki ya kila mfanyakazi kuunda na kujiunga na chama cha wafanyakazi, na baada ya mvutano uliofika mahakamani wauguzi wakapata chama chao cha kutetea malipo, KNUN. Mwaka 2013 afya ikakabidhiwa kaunti 47, na mwajiri mmoja akageuka waajiri 47. Mkataba wa pamoja uliokuwa ukisubiriwa haukutiwa sahihi. Tarehe 5 Juni 2017 tuliweka chini vifaa, na hatukurudi mpaka tarehe 2 Novemba: siku 150. Niligoma. Madai yalikuwa ya kweli, na bado nayasimamia. Lakini katika siku hizo niligongewa mlango usiku mara sita, nikazalisha kwenye mikeka, na mara moja nilifika nikiwa nimechelewa. Yeyote anayesimulia mgomo ule kwa upande mmoja tu hakuwa mtaani kwetu.

Mgomo ulilitikisa tawi kwa namna nyingine. Makato ya kila mwezi yalikuwa yanakwenda KNUN, na wengi hawakuona sababu ya kulipa ada ya pili kwa chama kisichoweza kuitisha mgomo. Mkutano mmoja tulikuwa wanne. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu chama cha wafanyakazi kinaweza kukupatia marupurupu ya hatari kazini, lakini hakitamtuma mtu asome orodha ya zamu kwa sauti, wala hakitakaa kujadili namna mpya ya kuzuia damu isivuje. Wakunga nao wana chama chao sasa, na tarehe 5 Mei ni siku yao duniani. Wengi wetu tunasherehekea mara mbili kwa kupishana juma moja, maana tumesomea yote mawili.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa wa muuguzi na mkunga, miaka 200 tangu kuzaliwa Nightingale, na korona ikatukuta ndani ya mwaka huohuo. Mei 2022 Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, alitunukiwa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya dola 250,000. Simu yangu ilijaa picha zake kabla ya adhuhuri. Nilifungua daftari jekundu kwenye ukurasa wa 1981 nikautazama.

Msiba wa mama ulikuwa umetangulia hayo. Siku ya pili wauguzi walikuja nyumbani wakiwa na sare nyeupe, wengine wametoka zamu ya usiku moja kwa moja, wakaketi mkekani na wanawake wenzao. Katibu wa tawi, binti wa miaka kama 30, alinipa bahasha ya rambirambi, akaniomba tusogee pembeni. Alikuwa na kitabu cha risiti. Akanionyesha kishina cha Januari: mama alikuwa ameilipa ada ya mwaka mzima, akaituma kwa simu, miaka 25 baada ya kustaafu. Risiti yenyewe hakuwa ameichukua. Binti aliichana polepole kwenye mstari wa matundu, akaniwekea kiganjani.