Treni za Johannesburg: ratiba huanzia yadi

Reli ilifika Johannesburg mapema. Treni ya kwanza, kati ya mji huo na Boksburg, ilianza mwaka 1890, miaka minne tu baada ya mji kuanzishwa kwa ajili ya dhahabu. Baadaye sera ya ubaguzi wa rangi iliwaweka wafanyakazi weusi Soweto, mbali na kazi zao, na treni ikawa tegemeo lao.

Kwenda na kurudi

Alfajiri, treni hutoka Naledi, Soweto, zikipitia New Canada hadi stesheni ya Park, katikati ya jiji. Jioni huwarudisha abiria makwao. Mchana, abiria wanapopungua, treni nyingi huegeshwa yadi, ambako hukaguliwa, husafishwa na kutengenezwa. Isiyokuwa tayari kabla ya alfajiri ni safari iliyofutwa.

Pigo la 2020

Machi 2020, treni zilisimamishwa ili kudhibiti Uviko-19. Wezi waling'oa nyaya za umeme, na stesheni, ikiwemo ya Kliptown, zikabomolewa. Abiria wengi walibaki na teksi za abiria wengi, mfano wa daladala na matatu, ambazo nauli yake huzidi ya treni. Tangu 2022, njia za jimbo la Gauteng zimekuwa zikifunguliwa hatua kwa hatua.

Treni mpya, karakana mpya

Mwaka 2013, shirika la reli za abiria, PRASA, liliagiza treni 600 kutoka kampuni ya Gibela. Nyingi zinaundwa katika kiwanda cha Dunnottar, mashariki mwa Johannesburg, kilichozinduliwa 2018. Kila treni ni mabehewa sita yanayohudumiwa kwa pamoja. Karakana ya Braamfontein, iliyozoea treni za zamani, ilibidi ifanyiwe ukarabati mkubwa ili iweze kuzihudumia.

Treni ya kasi ya Gautrain, iliyoanza 2010, haiwezi kuziba pengo hilo. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya Soweto ni milimita 1,067. Kila mtandao una yadi yake.

Kwa miji ya Afrika Mashariki inayopanua treni za abiria, somo li wazi: kununua mabehewa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mahali pa kuyatunza na ulinzi wa njia. Vikikosekana hivyo, mfanyakazi wa kipato cha chini ndiye hulipa, kwa nauli kubwa zaidi na kwa saa za usingizi wake.