Matunzo ya mtalaka

Mama aliyekaa kwenye ndoa miaka 30 akaachwa uzeeni, swali lake la kwanza ni atakula nini. Mahakama za Tanzania Bara huliita jibu la swali hilo matunzo. Wako wanaosema masurufu, lakini kwa watumishi wa serikali masurufu ni fedha ya safari au kazi, ambayo mtu huitolea hesabu akirudi. Mtalaka hadaiwi stakabadhi. Mimi naona tuseme matunzo ya mtalaka, yasichanganywe na ya watoto. Na mtalaka anaweza kuwa mke au mume.

Wengi huyachanganya pia na mgawanyo wa mali. Huo una kifungu chake, cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na unahusu kilichochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kitoka nyumba, kiliwazo cha mtalaka wa Kiislamu, ni jambo jingine tena.

Matunzo yako kifungu cha 115, na hapo pana kufuli. Mume anaweza kuamriwa kumtunza mke aliyetelekezwa naye, au wakati kesi inaendelea, au wakiwa wametengana. Ndoa ikishavunjwa, malipo hukoma, isipokuwa mahakama ione sababu maalumu. Mume naye anaweza kutunzwa na mkewe, ila awe hajiwezi kujitafutia riziki kwa maradhi au ulemavu, na mke awe na uwezo.

Sababu maalumu ni ipi? Sheria haikuitaja, na wingi wa miaka peke yake haukuandikwa kuwa sifa. Lakini miaka hiyo ndiyo iliyomfanya mama huyu asiwe na ajira, akiba wala pensheni, na nguvu zimekwisha. Hiyo ni sababu tosha, na wakili wake aidai waziwazi kabla talaka haijatolewa, kwa ushahidi wa mahitaji yake na kipato cha mume. Kifungu cha 116 kinaitaka mahakama ipime hayo, pamoja na nani alichangia kuivunja ndoa. Mtalaka akiolewa tena, haki ya matunzo inakwisha.

Kenya, katika Sheria ya Ndoa ya 2014, hawakuweka kufuli hilo: mahakama inaweza kuamuru matunzo wakati wa talaka au baadaye, kwa mke au mume. Bara nasi tuliondoe.