SEHEMU YA 4: Mazengo ya jana, St. John's ya leo

Wiki iliyopita mlinijaa inbox na swali moja: "Nesi, mwanangu kamaliza form six, anataka uuguzi, hicho chuo cha Kikuyu kikoje?" Basi leo tukae na historia yake kidogo, maana ukijua chuo kimetoka wapi unajua pia uulize nini kabla hujalipa ada.

Kwanza hiyo Kikuyu si ya Kenya. Ni mtaa wa hapa Dodoma, si mbali na katikati ya mji. Wamisionari walikuwa na shule pale, ikiitwa Alliance. Kumbe Kenya nako kuna Alliance, na ipo sehemu inayoitwa Kikuyu! Ndiyo maana watu huchanganya.

Baadaye shule ikaitwa Mazengo, jina la mtemi wa Wagogo aliyekuwa Mvumi. Kisha, baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazichukua shule za mashirika ya dini, Mazengo ikiwemo. Hapo ndipo mtoto wa Mwislamu, wa Mkatoliki na wa asiye na dini wakakaa dawati moja, wamepangwa na serikali kutoka mikoa mbalimbali. Wazee wengi mjini ukiwatajia Mazengo wanakumbuka sekondari hiyo, si chuo.

Mwishoni majengo yakarudi kwa Kanisa Anglikana, na mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha St. John's. Mwaka huohuo UDOM ya serikali nayo ikaanza. Mji uliotangazwa makao makuu tangu 1973, ukakaa miaka na miaka bila chuo kikuu chake, ukapata viwili kwa mpigo.

Tuseme ukweli wote, mama. Tulipata chuo, ila tulipoteza sekondari ya serikali. Mlango uleule ambao mtoto wa mkulima wa Bahi au Kongwa aliingia kwa kufaulu tu, leo unahitaji kufaulu na ada. Silaumu mtu, maana chuo binafsi hakina namna nyingine ya kuwalipa walimu. Lakini mzazi ajue hivyo mapema, asije kushtukia mwezi wa kumi na moja.

Sasa kampasi. Kampasi kuu ndiyo hiyo ya Kikuyu, nayo inaitwa Chief Mazengo. Huko Msalato, nje kidogo ya mji, kuna chuo cha theolojia kilichounganishwa nayo. Dar es Salaam kulikuwa na kituo cha St. Mark's, Buguruni. Jina ni moja, ila usidhani kila kozi inafundishwa kila mahali. Kama ni uuguzi, uliza: darasa lipo wapi? Maabara ipo wapi? Wodi ya mafunzo ni hospitali gani, na nauli ya kwenda huko nani analipa?

Kabla hujatuma hela, fanya haya:

1. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu. Tafuta kozi yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo. Kama ni diploma au cheti, angalia NACTVET.

2. Hakikisha kozi inatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Bila leseni ya Baraza, cheti kizuri hakimpeleki mtu wodini.

3. Omba mkopo Bodi ya Mikopo. Wa vyuo binafsi nao wanaruhusiwa, ila usitegemee utafunika ada yote.

4. Piga hesabu ya miaka yote. Digrii ya uuguzi ni miaka 4, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini.

Na kama ada ya digrii haifikiki, diploma si aibu. Mimi nina diploma, na mtoto wako akiugua usiku ni mimi unayenikuta.

Sehemu ya 5 tutaongelea diploma na vyuo vya hospitali, tukianza na Mvumi. Mtumie mama mwenzio mwenye mtoto anayesubiri matokeo.