Kufanyia kazi nyumbani: kwetu Kagera haikuanza na korona

Wiki hii darasani tulijadili jinsi korona ilivyobadilisha kazi duniani: watu wameacha treni za kwenda ofisini, wanapiga kazi sebuleni na kompyuta. Nikajiuliza, na kwetu je? Kwetu historia hiyo ina sura nyingine kabisa.

Tuanzie 1983. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, hospitali ya Ndolage, Muleba. Vita vya Amin vilikwisha 1979, magendo ya mpakani yakapamba moto, na watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuja kwa njia hiyo hiyo. Upimaji wa 1987 ulikuta maambukizi kwa asilimia 24.2 ya watu wazima Bukoba mjini, asilimia 10 Bukoba vijijini na Muleba, na asilimia 0.4 tu Ngara na Biharamulo. Wengi waliokwenda kutafuta maisha mijini walirudi kijijini wakiwa wagonjwa. Kibanja kikabaki kwa bibi na wajukuu, wanapalilia migomba kwa sababu wenye nguvu wamekufa.

Ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa. Mimi nilikuwa sekondari, nikarudi kijijini Muleba. Masomo ya mtandaoni? Thubutu! Simu ya kubonyeza, bando hakuna. Nilishika jembe na kuanika kahawa mpaka shule zilipofunguliwa 29 Juni.

Sasa angalieni mpaka wa Mutukula. Upande wa Uganda usafiri wa abiria ulisimamishwa 25 Machi 2020, watu wakaambiwa wabaki ndani. Huku kwetu hatukufungiwa. Hiace za Muleba na Bukoba ziliendelea kupakia, stendi kuna ndoo ya maji na sabuni. Mpaka leo watu wanabishana nani alikuwa sahihi. Mimi nasema hivi: dagaa wa Kemondo hawauziki kwa kompyuta. Mama muuzaji alipanda gari na hofu yake, maana jioni watoto wanataka kula.

Tarehe 21 Machi 2023 tukasikia Marburg, Bukoba vijijini. Wagonjwa 9, wakafa 6, akiwemo mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokaribiana nao walifuatiliwa kwa siku 21, na mlipuko ukatangazwa kwisha 2 Juni. Januari 2025 ikaibuka tena, safari hii Biharamulo. Jamani, siku 21 nyumbani kwa mwenye mshahara ni kama likizo. Kwa kijana wa bodaboda ni siku 21 za kudaiwa hesabu na mwenye pikipiki.

Kibanja kimetubeba miaka yote hiyo. Lakini kila kizazi kinakigawa, na mnyauko umeshakula migomba mingi. Kijana wa leo aliyepanga chumba Bukoba mjini hana hata shina moja la kukimbilia. Ugonjwa mwingine ukija, kabla ya kumwambia akae nyumbani, tujue kwanza atakula nini na nani atalipa hesabu ya siku hiyo.

Nawasilisha. Ngoja nikimbilie kipindi cha saa nane.