Ukarani na Utunzi: Riziki, Umbo na Subira katika Kazi ya Shaaban Robert

Umbuji wa Shaaban Robert umejadiliwa mno. Riziki yake imejadiliwa kidogo. Mwandishi huyu, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki 1962, aliandika kwa muda wa takriban miaka thelathini, na karibu muda huo wote alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Makala haya yanadai kwamba ukarani huo haukuwa jambo la pembeni. Ndio uliomwezesha kudumu katika utunzi, na ndio pia ulioacha alama katika umbo la kazi zake na katika namna zilivyomfikia msomaji.

Kabla yake, mtunzi wa pwani alikuwa na njia nyingine za kudumu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alikuwa mfanyabiashara na mtu wa karibu wa watawala wa Kimazrui. Mashairi yake yalihitaji hadhira iliyokuwapo na kumbukumbu za watu, wala hayakuhitaji mchapishaji. Yalipokusanywa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na hatimaye kuchapishwa 1940, mwenyewe alikuwa kaburini miaka mia moja. Kufikia wakati wa Shaaban Robert mfumo huo ulikuwa umedhoofika, na soko la vitabu la kuushika mahali pake lilikuwa bado halijasimama. Palikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa 1923, ambamo mashairi yalipata nafasi. Lakini kuchapishwa katika gazeti kulimpa mtunzi jina, si chakula cha watoto.

Mshahara ndio uliojaza pengo hilo. Tangu 1926 hadi 1944 Shaaban Robert alitumikia idara ya forodha. Kisha akahamishiwa idara ya wanyama huko Mpwapwa. Kuanzia 1946 akawa katika ofisi ya wilaya Tanga, na baada ya 1952 katika idara ya upimaji wa ardhi mjini humo. Huo ni utaratibu wa maisha ya mtu ambaye saa za mchana si zake. Aliyebaki na jioni, na siku za mapumziko, hachagui umbo la kazi yake kwa hiari kamili. Mashairi mafupi na insha zinajieleza zenyewe. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye takriban beti 3000, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945. Kwa mtazamo wa kwanza kazi ndefu kama hiyo haimfai karani. Kwa hakika inamfaa sana. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani nane, nao aghalabu hujitosheleza kimaana. Unaweza kutungwa leo, ukawekwa, na wa pili ukafuata kesho bila uzi kukatika. Mpangilio wa matukio ulikuwa tayari katika historia yenyewe. Jadi ilimkabidhi mtunzi chombo kinachokubali kazi ya vipande vipande, naye akakitumia. (Riwaya ya kurasa mia nne hakuiandika, na hilo si lazima lihesabiwe kuwa upungufu wa kipaji.)

Nyumba nayo ilikuwa sehemu ya karakana. Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Zote mbili zimo katika Maisha Yangu. Wosia wa mzazi ulikuwa desturi kongwe ya ushairi wa Kiswahili, kwa hiyo wajibu wa nyumbani na wajibu wa sanaa havikugombania saa moja.

Gharama ilikuwa subira. Pambo la Lugha lilitokea katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ileile iliyochapisha diwani ya Muyaka: mshairi wa Tanga alilazimika kutafuta mlango mbali na kwao. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa 2002, zinaonyesha jinsi shughuli za miswada, wachapishaji na fedha zilivyomkalia moyoni. Kusadikika kilitoka 1951. Kufikirika, kilichoandikwa katikati ya miaka ya 1940, hakikutoka hadi 1967, mwaka uleule wa utenzi wa vita. Mwanafunzi anayepanga maendeleo ya fikra za mwandishi kwa kufuata miaka ya uchapishaji atamkuta Shaaban Robert wa baada ya Uhuru ambaye hakuwahi kuwako: aliyekuwako alikuwa mtumishi wa serikali aliyeandika mezani pa koloni.

Hapo ndipo lawama kwamba alijificha nyuma ya mafumbo inapohitaji kupimwa upya. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na Karama anashitakiwa kwa kufundisha uanasheria. Mhakiki ana haki ya kusema kwamba istiara hiyo inafifisha mkoloni hadi kuwa uovu wa jumla tu. Hata hivyo, istiara ilikuwa pia sharti la kuendelea kuandika kwa mtu ambaye mwajiri wake na mlengwa wa shutuma zake walikuwa mmoja. Sababu hizo mbili hazifutani: fumbo lilimlinda, na lilimpunguzia makali.

Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaacha ukarani mjini na kurudi Busutamu kulima, bila kujuta. Mwandishi aliyemwumba hakujipa ruhusa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kitabu chenyewe kilichapishwa 1968.