Chipu za Analogi Zilivyokataa Kupungua

Mwaka 1968 Dave Fullagar, mhandisi wa Fairchild huko California, alibuni chipu ya amplifaya ya analogi iliyopewa jina μA741. Iliyoitangulia, μA709 ya Bob Widlar, ilikuwa na nguvu lakini korofi: fundi asipoiongezea kapasita na rezista kwa nje, huanza kutoa mawimbi yake yenyewe. Fullagar akaiingiza kapasita ndani ya chipu. Ilikuwa ya pikofaradi 30 tu, lakini juu ya silikoni ilimeza nafasi kubwa kuliko kifaa kingine chochote kilichokuwamo.

Mwaka 1971 Intel ikatoa chipu ya dijitali ya 4004, yenye transista 2,300, na tangu hapo njia za dijitali na analogi zikazidi kuachana. Transista ya dijitali kazi yake ni kuwaka au kuzima, basi. Ukiipunguza, inakwenda kasi zaidi, inakula umeme kidogo, na sahani moja ya silikoni inatoa chipu nyingi zaidi. Mistari ya 4004 ilikuwa ya mikroni 10. Leo viwanda vinatangaza nanomita chache tu, ingawa namba hiyo sasa ni jina la biashara zaidi kuliko kipimo.

Analogi isingeweza kukimbia hivyo. Kapasita inadai eneo lake, upende usipende. Transista mbili zinazotakiwa zifanane kama mapacha hufanana zaidi zikiwa kubwa. Isitoshe, 741 hulishwa volti 15 chanya na 15 hasi. Transista ndogo za leo, zilizozoea chini ya volti moja, zingeungua papo hapo.

Kwa hiyo mitambo ambayo dijitali imeiacha, analogi huipokea. Mwaka 2009 Texas Instruments ilinunua mashine za Qimonda, kampuni ya chipu za kumbukumbu iliyofilisika, ikazifunga Richardson, Texas, katika kiwanda cha kwanza duniani cha analogi kutumia sahani za milimita 300.

Wengi waliuona upande huu kuwa umepitwa na wakati. Mwaka 2021 viwanda vya magari vikasimamisha kazi kwa kukosa chipu, na nyingi ya chipu zilizokosekana zilikuwa za bei ndogo, za teknolojia ya zamani, ambazo wawekezaji hawakuona haja ya kuzijengea viwanda vipya. Lilikuwa kosa kubwa, na gharama yake waliibeba wafanyakazi waliorudishwa nyumbani na wanunuzi waliosubiri magari kwa miezi.